Bwawa la Korongo: Shule Moja, Kinamasi Kimoja na Shilingi 9,250 Zilizokosekana

Kila wiki tunapokea swali hili kutoka kwa wateja wetu: "Tunachangisha pesa za shule, za kanisa, za matanga. Je, ni sawa zikiingia kwa simu ya mtu mmoja?" Tungeweza kujibu kwa mistari mitatu, lakini leo tutawapeleka mahali ambapo swali hilo lilikaribia kuvunja jambo zuri sana.

Mahali penyewe ni shule ya msingi katika Kaunti ya Trans Nzoia, upande wa Kitale. Wazazi na walimu walituomba tusitaje jina la shule, nasi tumekubali. Mtaelewa sababu mkiendelea kusoma.

Kiwanja kilichokuwa kinamasi

Chini ya uwanja wa mpira wa shule hiyo kuna ardhi iliyoinama. Wazee wa hapo wanakumbuka ikiwa kinamasi, na mafunjo yamesimama marefu kumzidi mtu. Watoto walikuwa wakikatazwa kuingia huko, na asubuhi unasikia korongo wenye taji wakiita hadi nyumba za juu.

Baadaye watu walichimba mtaro katikati ili maji yatoke na mahindi yapandwe. Kando ya chemchemi wakapanda mikaratusi, ile tunayoiita blugamu, kwa ajili ya nguzo na kuni. Mahindi yalifanya vizuri misimu michache. Halafu chemchemi ikaanza kupungua. Kufikia Januari na Februari, akina mama walikuwa wanapanga mitungi kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na watoto wanakuja shule na maji ya kunywa kwenye chupa.

Korongo nao wakahama. Korongo mwenye taji la dhahabu hujenga kiota chake ndani ya majani ya kinamasi, palipozungukwa na maji, ili mbwa na watu wasifikie mayai. Hutaga mayai mawili au matatu, na dume na jike hupokezana kuyaatamia kwa karibu mwezi mzima. Ukikausha kinamasi, unakuwa umemfungia mlango wa nyumba. Tangu mwaka 2012 ndege huyu amewekwa kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, na kupotea kwa ardhioevu ni sababu mojawapo kubwa. Sababu nyingine ni watu kuchukua makinda na kuyauza.

Mwalimu wa mazingira ndiye aliyeanzisha mazungumzo. Alikuwa amewapeleka wanafunzi Mbuga ya Taifa ya Saiwa Swamp, isiyo mbali na Kitale. Kama hujafika huko, ni mbuga ndogo kuliko zote za taifa nchini, karibu kilomita mraba tatu tu, iliyotengwa mwaka 1974 hasa kwa ajili ya nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu za kukanyagia matope. Hakuna kuzunguka kwa gari. Unatembea kwa miguu juu ya vijia vya mbao na kupanda minara ya kuangalia wanyama.

Watoto waliporudi waliuliza swali moja: kama pale pameachwa maji na wanyama wapo, kwa nini huku kwetu tumeyatoa?

Harambee ya mia mbili

Bodi ya shule na chama cha wazazi wakakaa. Shule ilikuwa na familia 240. Wakakubaliana kila familia itoe shilingi 200, na asiye nazo zote alipe kidogo kidogo, hata hamsini hamsini. Atakayeshindwa kabisa atakuja na jembe siku ya kazi. Jumla iliyotarajiwa ilikuwa shilingi 48,000.

Kisha likaja lile swali letu la mwanzo: pesa ziingie wapi?

Walimchagua mweka hazina wao, mzee mmoja mwenye posho mill sokoni. Ni mtu wa watu. Ukikosa pesa ya kusaga, anakuambia "lete kesho." Kila mtu alikuwa na namba yake tayari, na hakuna aliyeona haja ya kufungua akaunti nyingine. Meseji zikaanza kuingia kwenye simu yake: 50, 200, 100, 200.

Baada ya mwezi kamati ikakutana. Mwalimu alikuwa ameandika kwenye daftari kila mzazi aliyeonyesha meseji yake, na hesabu ya daftari ilifika shilingi 23,400. Mzee akafungua simu yake mbele ya watu. Kulikuwa na shilingi 14,150.

Zilikosekana shilingi 9,250.

Tulipoongea na wazazi kuhusu siku hiyo, wengi bado walishusha sauti. Mama mmoja alituambia, "Hakuna mtu alimwita mwizi. Lakini watu walinyamaza, na hiyo kunyamaza ilikuwa mbaya zaidi." Wiki iliyofuata, watu walianza kupeleka mahindi yao kusagwa kwingine. Michango ikasimama kabisa. Wengine wakasema kinamasi kisahauliwe, eti miradi ya shule ni ile ile siku zote.

Pesa zilienda wapi?

Mzee mwenyewe hakujua. Alikuwa anaapa hajatoa hata shilingi ya shule, na alikuwa anasema kweli jinsi alivyoielewa. Ni binti yake, aliyerudi likizo kutoka chuo, aliyemwambia, "Baba, hebu tuombe stetimenti ya miezi miwili."

Stetimenti ilieleza kila kitu. Mzee alikuwa anatumia ile huduma ya mkopo wa dharura, inayokuwezesha kulipa hata salio likiisha. Dizeli ya posho mill ikiisha kabla wateja hawajalipa, anachukua mkopo mdogo na kununua. Huduma ya aina hiyo ina sharti moja ambalo watu wengi wanalipita bila kulisoma: pesa yoyote inayoingia kwenye laini hiyo hulipa deni kwanza. Mfumo haujui kwamba hii mia mbili ni ya mtoto wa Darasa la Nne. Unachoona ni laini yenye deni na pesa iliyoingia.

Kwa hivyo mzazi anatuma 200, deni linakula 200. Jioni mzee anaona dizeli imeisha na anaruhusiwa kukopa tena, anakopa. Kesho mzazi mwingine anatuma. Kwa mwezi mmoja, michango ya shule ilikuwa inaendesha kinu, na mwenye kinu hakuwa na habari.

Tunalisema hili waziwazi kwa sababu tunaliona mara nyingi. Pesa nyingi za vikundi zinazopotea hazijaibwa na mtu. Zimechanganyika na pesa za nyumbani, za biashara au za mkopo mpaka mwenye simu mwenyewe anashindwa kuzitenganisha.

Mzee alikwenda mbele ya mkutano wa wazazi na ile stetimenti mkononi. Akaisoma mstari kwa mstari. Kisha akasema atazirudisha kwa mafungu matatu, na akazirudisha: 3,000, tena 3,000, na mwisho 3,250. Akaomba pia aondolewe kwenye kazi ya hazina. Wazazi walimwondolea kazi hiyo, ila wakamwomba abaki kwenye kamati asimamie kazi ya mtaro. Alituambia hilo la pili ndilo lililomrudishia usingizi.

Mpango mpya

Safari hii walifanya mambo kwa utaratibu.

Kwanza, walifungua akaunti ya kikundi yenye namba yake ya paybill, kwa jina la mradi. Ukilipa, simu inakuonyesha jina hilo, halionekani jina la mtu binafsi. Sehemu ya namba ya akaunti, mzazi anaandika darasa na jina la mtoto. Kwa hivyo hata babu akituma kutoka Mombasa, inajulikana ni ya nani.

Pili, pesa haitoki mpaka watu wawili kati ya watatu waidhinishe, kila mmoja kwa simu yake na PIN yake. Watatu hao ni mwalimu, mweka hazina mpya, na mwakilishi wa wazazi. Mweka hazina mpya ni mama anayeuza mboga sokoni, naye ana sheria yake: "PIN yangu hata bwanangu haijui."

Tatu, kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi stetimenti inachapishwa na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, karibu na lango. Majina ya watoto ambao hawajalipa hayabandikwi. Kinachobandikwa ni kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Tuliona wazazi wakisimama pale wakisoma kwa kidole.

Nne, fundi au mwenye trekta analipwa kwa simu baada ya kazi kupimwa, na meseji ya malipo inapigwa picha na kuwekwa kwenye faili. Hakuna malipo ya mkononi, hata ya soda.

Michango ilirudi, polepole.

Kujenga upya kinamasi

Hapa tulijifunza kitu. Tulidhani kutengeneza ardhioevu ni kuchimba shimo na kujaza maji. Kumbe sehemu kubwa ya kazi ni kuyazuia maji yaliyopo yasikimbie.

Kabla ya kugusa chochote, kamati iliuliza ofisi za NEMA na za Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kwa sheria ya Kenya, kuziba au kugeuza mkondo wa maji kunahitaji idhini, hata kama ni kwenye kiwanja cha shule, kwa sababu kuna majirani upande wa chini wanaoyategemea maji yale yale. Kwa hivyo mtaro haukufungwa kabisa. Walijenga vizuizi vifupi vya magunia na udongo wa mfinyanzi, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikaachiwa mahali pa chini pa kupitishia maji yanayozidi.

Kisha wakachimba bwawa la kina kifupi lenye kingo zilizolala. Pembeni maji yanafika kwenye kifundo cha mguu, katikati yanafika magotini. Ukingo uliosimama wima haufai. Chura hawezi kupanda, ndege hawezi kutembea, na mtoto akiteleza anaingia mzima. Katikati waliacha kisiwa kidogo cha udongo.

Mafunjo yalitoka kwa shamba la jirani, vipande vya mizizi vilivyopandwa kwenye matope kabla ya mvua za masika. Waliyakataa magugu maji, ingawa kuna mtu aliyatolea kwa maua yake mazuri. Wanaoishi Kisumu na Homa Bay wanajua gugu hilo limefanyia nini Ziwa Victoria tangu miaka ya tisini. Mikaratusi iliyokuwa karibu na chemchemi ikakatwa, na mahali pake wakapanda mikuyu na miti mingine ya kiasili. Mwenye mikaratusi hiyo, jirani wa shule, alikubali baada ya mabishano marefu, kwa masharti kwamba nguzo za ua zinunuliwe kwake. Walikubali. Nguzo hizo ndizo zinazozunguka bwawa leo, na lango lake lina kufuli, kwa sababu maji na watoto wadogo ni jambo la kuangaliwa kila saa.

Wazazi wengi waliuliza kuhusu mbu. Ni swali la haki. Mbu hupenda maji yaliyotuama yasiyo na adui, kama yale ya kwenye tairi kuukuu au mkebe uliotupwa. Kinamasi chenye uhai kina vyura, samaki wadogo na watoto wa kereng'ende wanaoishi majini na kula viluwiluwi vya mbu. Hata hivyo, wanafunzi walipewa kazi ya kuzunguka shule na kumwaga kila mkebe, na neti nyumbani zinabaki pale pale zilipo.

"Nimetuma kimakosa, nisaidie"

Mvua zilipokaribia, na pesa za ua zikiwa zimeingia, mweka hazina akapata simu. Mwanamume mwenye sauti ya upole alimwita "mama" mara nyingi. Alisema yeye ni mzazi, alitaka kutuma 500 na kwa makosa ametuma 4,500 kwenye simu yake. Mtoto wake ni mgonjwa, tafadhali amrudishie 4,000. Wakati bado anaongea, meseji ikaingia: umepokea 4,500.

Mama alikuwa na wateja watatu mbele yake na sukuma wiki mkononi. Angeweza kutuma haraka ili amalizane naye. Badala yake alimwambia, "Ngoja kidogo baba," akakata simu na kuangalia salio. Salio halikuwa limebadilika hata kwa shilingi moja. Akarudi kuitazama ile meseji: ilikuwa imetoka kwa namba ya kawaida ya simu, haikutoka kwenye jina rasmi la kampuni. Tena, wazazi wote wanajua michango haiji kwenye simu yake siku hizi, inaenda paybill.

Tulipouliza walijuaje namba yake, jibu lilipatikana kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Mtu alikuwa ameweka tangazo la mchango lenye jina lake kamili, namba yake na kiasi kilichokwisha kuingia, kisha akalisambaza kwenye magrupu mengine. Tapeli hakuhitaji zaidi ya hapo.

Hesabu ya mwisho

Ubao wa shule ulionyesha hivi siku tulipotembelea. Zilizoingia zote, pamoja na zile 9,250 zilizorudishwa: shilingi 46,850. Nguzo na waya wa ua: 17,600. Fundi na vibarua: 12,000. Trekta ya kuleta udongo: 6,500. Miche: 4,200. Magunia na gambuti: 3,900. Ada za miamala: 410. Salio: shilingi 2,240, zilizotengwa kwa kurekebisha vizuizi mvua ikivibomoa.

Na mvua ilivibomoa. Kizuizi cha kwanza kilienda na maji usiku mmoja wa Aprili. Yule mzee wa posho mill alikuwa wa kwanza kufika asubuhi, na gunia begani.

Kinamasi kama hiki hufanya kazi kama sifongo. Hunywa mvua inapokuja kwa nguvu na kuiachilia taratibu wakati wa kiangazi. Maji ya eneo hili huishia kwenye Mto Nzoia, ule unaofurika kule Budalangi kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Bwawa moja la shule halitazuia mafuriko ya Budalangi, lakini kiangazi kilichofuata chemchemi ya hapo haikukauka, na foleni ya mitungi ilipungua.

Korongo je? Watoto wana daftari la ndege wanaloandika kila asubuhi kabla ya gwaride. Ndani yake kuna yangeyange, kuna mdiria, kuna bata wa porini. Korongo wawili wenye taji wameandikwa siku nne, wakitembea ukingoni na kuondoka. Hawajajenga kiota. Chini ya tarehe ya siku ya nne mtoto ameandika kwa penseli: "Wanaangalia nyumba."

Kabla hujachangisha, fanya haya

- Tenganisha pesa. Mchango wa watu usikae kwenye laini unayotumia kwa biashara au nyumbani, na kamwe usikae kwenye laini yenye mkopo. Deni hulipwa kwanza.
- Tumia akaunti yenye jina la kikundi. Kabla ya kubonyeza kutuma, soma jina linalotokea. Kama si la mradi, simama.
- Watu wawili waidhinishe kila pesa inayotoka. Hii inamlinda mweka hazina kuliko inavyomchunga.
- Onyesha stetimenti mara kwa mara. Ibandike au isome kwenye mkutano, usingoje hadi watu waanze kunong'ona.
- Amini salio, usiamini meseji. Ukiambiwa umetumiwa pesa kimakosa, angalia salio kwanza. Aliyekosea kweli apitie njia rasmi ya kurudisha muamala. Usitume wewe mwenyewe.
- Usitangaze kiasi kilichokusanywa pamoja na namba ya mtu kwenye magrupu ya wazi.
- PIN ni yako peke yako. Hata sisi hatutakupigia kuiuliza.

Kama kikundi chako bado kinatumia simu ya mtu mmoja, ongeeni wiki hii kabla ya mchango unaofuata. Fika kwa wakala aliye karibu nawe au piga namba yetu ya huduma kwa wateja, tukueleze hatua za kufungua akaunti ya kikundi na vitambulisho mtakavyohitaji.

Na mkipita upande wa Kitale mkasikia korongo wakiita asubuhi, huenda wamesharidhika na nyumba.